Rahisi kwa Nani?

Wavuvi wa Pwani yetu humwita papa shilingi. Hadithi inasema kwamba Mungu alipomaliza kumuumba alipendezwa naye mno, akamtuza sarafu mgongoni kama vile mwimbaji anavyotuzwa harusini, na zile sarafu zikaganda pale pale hadi leo. Ndiyo hayo madoadoa meupe. Jina lake la vitabuni ni papa potwe. Duniani hakuna samaki mkubwa kumpita. Aliyekomaa anaweza kuzidi mita 12, urefu wa basi la kwenda Mombasa, na mwili wote huo anaulisha uduvi, mayai ya samaki na vijidudu ambavyo chujio la chai lingevipitisha. Haumi mtu.

Napenda hadithi hiyo kwa sababu haioni haya kumtaja mnyama na pesa katika sentensi moja. Matangazo ya utalii huona haya. Yanakwambia habari za maajabu, kisha bei unaiuliza pembeni. Mimi nataka tuiulize hapa mbele ya watu: kumwona potwe kunafaa kugharimu kiasi gani? Na nikimwona kwa bei ya chini, ile sehemu niliyopunguziwa imelipwa na nani?

Ni swali linalotuhusu sana sisi tunaosafiri kwa mkono mfupi. Fungua simu yako sasa hivi utaona: huyu amezunguka Zanzibar kwa pesa ya kodi ya mwezi mmoja, yule amefika Lamu kwa malori. Tunapeana mbinu. Panda basi la usiku ili usilipie chumba. Kula kibandani. Kataa bei ya kwanza, na ya pili pia. Si jambo baya. Kwa miaka mingi utalii wa nchi hizi ulipangwa kwa ajili ya mtu anayeshuka ndege akiwa na kofia ya safari, na sisi tulionekana pichani tukiwa tumebeba trei. Kuna raha ya haki kabisa katika kuufikia ufuo ule ule kwa matatu. Raha hiyo siidharau. Nataka tu tukague hesabu yake.

Kisiwa changu kilikuwa Mafia, Tanzania, kusini ya Zanzibar, mkabala na pale Mto Rufiji unapomwaga maji yake baharini. Nilitenga shilingi elfu 30 za Kenya, kwenda na kurudi, siku tisa. Basi kutoka Nairobi hadi Dar es Salaam, usiku na mchana. Basi jingine kutoka Mbagala hadi Nyamisati, ambako barabara inakwisha na mikoko inaanza. Kisha chombo cha kuvuka hadi Kilindoni, watu, magunia, magodoro na kuku pamoja. Yeyote aliyewahi kuvuka Likoni saa kumi na moja jioni angejisikia nyumbani, ila huku maji yanachukua saa kadhaa.

Mafia ina utajiri ambao haulingani na kelele zake. Kuna kisiwa kidogo cha Chole, ambako popo wakubwa hulala mchana wakining'inia mitini kama miavuli iliyokunjwa. Kuna Juani, ambako kasa hupanda ufukweni kutaga, na wanakijiji wanaoonyesha viota na kuvilinda hupata kitu kidogo kwa kazi hiyo. Kuna matumbawe yaliyowekwa chini ya hifadhi mwaka 1995, hifadhi ya kwanza ya bahari nchini Tanzania, kilomita za mraba 822. Na kila mwaka, takriban kuanzia Oktoba hadi Machi, kuna potwe.

Sasa hapa kuna jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike. Hifadhi ina lango, na langoni kuna bei iliyoandikwa. Lakini potwe hawakusoma ramani. Wao hukusanyika upande wa magharibi, mbele ya Kilindoni, nje ya mipaka ya hifadhi. Kwa hiyo bei ya kumfuata potwe haiandikwi ukutani. Inapatikana kwa mazungumzo, mtu na mtu, mchangani. Na bei inayopatikana kwa mazungumzo inamfunua anayezungumza.

Wapo wanaosema kwamba mazungumzo hayo yasingefaa kuwepo kabisa. Pandisha bei, wanasema, wachache waje, walipe vizuri, wanyama wapumue. Hoja hii ina nguvu, tusiipitie juu juu. Rwanda ilipandisha kibali cha kuwaona sokwe wa milimani kutoka dola 750 hadi 1,500 mwaka 2017. Ecuador iliongeza ada ya mgeni anayeingia visiwa vya Galápagos kutoka dola 100 hadi 200 mwezi Agosti 2024. Mantiki yake inaeleweka: kila mguu unaokanyaga una gharama, boti kila moja ina kelele na mafuta yake, na anayeishi jirani na mnyama anahitaji sababu ya kumwacha hai. Mkono mtupu haulambwi. Ukimtaka mvuvi ashushe wavu wake ili potwe aliyenaswa atoke, na wavu huo umejaa samaki wa kulipia karo, basi mtu fulani mahali fulani alipie huruma hiyo.

Lakini tazama kilichotokea Komodo, Indonesia. Mwaka 2022 serikali ilitangaza kwamba kiingilio cha kuwaona wale kenge wakubwa kitapanda hadi rupia milioni 3.75, kama dola 250 hivi. Walioandamana na kugoma hawakuwa watalii. Walikuwa wenye boti, waongozaji na wafanyakazi wa Labuan Bajo, watu ambao riziki yao inategemea kuja kwa yule msafiri wa begi la mgongoni anayekula kwao na kulala kwao. Ada ile haikuendelea kama ilivyotangazwa. Tajiri analipa vizuri langoni, ndiyo, ila mara nyingi amekuja na meli yake, mpishi wake na maji yake ya chupa. Anapita juu ya kijiji. Maskini mwenzako anakula samaki wa mama wa pale kona, anapanda bodaboda ya kijana wake, na shilingi yake inazunguka mtaani mara tatu kabla ya kulala.

Kuna jambo jingine linalonisumbua kuhusu bei kama ukuta. Kant, yule mwanafalsafa wa Ujerumani, aliandika mwaka 1785 kwamba vitu vyote ama vina bei ama vina heshima: chenye bei kinaweza kubadilishwa na kingine cha thamani sawa, chenye heshima hakibadilishwi na chochote. Yeye heshima hiyo aliwapa binadamu na viumbe wenye akili kama yao, samaki hakumfikiria. Lakini chukua kipimo chake uone kinavyofanya kazi. Ukiweka dola 1,500 kati ya mtu na mnyama, umemwambia mtu kwamba mnyama huyu ni wa daraja moja na saa ya dhahabu. Atakayeshindwa kulipa hatajifunza kumheshimu. Atajifunza kwamba hamhusu. Ni wangapi tumekua Nairobi, kilomita chache kutoka kwenye mbuga yenye simba, na simba wa kwanza tuliyemwona alikuwa kwenye skrini? Bei zetu za raia zimewekwa chini kuliko za wageni kwa sababu hiyo hasa. Zinasema: hii ni mali yenu, ingieni. Hata hivyo nauli, chakula na siku ya kazi iliyopotea havina bei ya raia.

Basi tuseme mlango ufunguliwe, kila mtu aingie kwa bei ya chini? Jibu la swali hilo lipo Oslob, kisiwa cha Cebu, Ufilipino. Karibu mwaka 2011 wavuvi wa pale walianza kuwarushia potwe uduvi kwa mkono ili wasiondoke karibu na ufuo. Watalii wakaja. Wakazidi kuja. Leo ni mamia kwa mamia kwa siku moja, bei ya kawaida tu, dakika 30 majini, foleni kama ya huduma ya serikali. Uhakika wa kumwona ni karibu kamili. Watafiti wameonyesha kwamba potwe wa pale wamezoea kukifuata chombo wakitarajia kulishwa, baadhi hukaa muda mrefu kuliko kawaida yao, na wengi wana makovu ya kugongana na vyombo. Ukweli uliobaki ni kwamba wavuvi wale wameacha kuvua kwa kiasi kikubwa, wamejenga nyumba, watoto wanasoma, na hakuna anayethubutu kumwua potwe. Usiwaite watu wabaya. Walichofanya ni kumpa mteja alichotaka: uhakika, kwa bei nafuu.

Na hapo ndipo ninapoona kosa lilipo. Kitu kinachomwumiza mnyama si unafuu peke yake. Ni unafuu ukiongezwa uhakika. Bahari haitoi uhakika bure. Ukitaka vyote viwili, lazima mtu alazimishwe, na katika mazungumzo yetu ya bei kuna mmoja ambaye hana mdomo wa kusema hapana.

Nirudi mchangani Kilindoni. Siku ya kwanza nilipokea bei mbili. Ya kwanza ilikuwa ya boti nzima, igawanywe kwa waliomo: tukiwa wanne ni hivi, tukifika wanane ni nusu yake. Humo mna nahodha, msaidizi, mwongozaji anayeingia majini pamoja nanyi, majaketi ya kuokoa maisha, na kanuni zilizosomwa kabla ya kuondoka. Usimguse. Kaa mita tatu kutoka mwilini, nne kutoka mkiani. Usiwashe taa ya kamera. Usimzibe njia. Bei ya pili ililetwa na kijana mchangamfu sana, pungufu ya ile ya kwanza kwa karibu nusu, hata kama nitaenda peke yangu. "Dada, mimi nakupeleka hadi juu yake. Utamshika kabisa."

Nilikaa na soda yangu nikazifanyia hesabu bei hizo mbili. Zote ni nafuu, lakini hazikupungua mahali pamoja. Ile ya kwanza inashuka kwa sababu ninakubali kukaa na watu saba nisiowajua, kusubiri hadi wapatikane, na kuamka saa kumi na moja alfajiri kwa sababu wao wanataka alfajiri. Ninachopunguza ni nafasi yangu na raha yangu. Ile ya pili inashuka kwa sababu mwongozaji hayupo, kwa hiyo kuna mtu ambaye hatalipwa. Majaketi hayapo, kwa hiyo kuna hatari ambayo nahodha ataibeba pamoja nami. Na kuna ahadi ya kumshika, kwa hiyo kuna samaki atakayekimbizwa.

Kiswahili chetu kina maneno mawili ya jambo hili, na tunayatumia kila siku bila kuyasimamisha pamoja. Kuna kujibana, na kuna kubania. Anayejibana anakunja miguu yake ili apite. Anayebania anakunja ngumi yake ili mwingine asipate. Kwenye pochi vinafanana kabisa: pesa imebaki. Kwenye picha za mtandaoni pia vinafanana, kwa sababu anayesifiwa kwa kuzunguka kisiwa kwa pesa kidogo haulizwi alijibana wapi na alimbania nani. Hilo ndilo swali ninaloona tulipaswa kuulizana kabla ya kupongezana.

Tena lugha yenyewe ilinifunza. Mkenya akifika Tanzania hutambulika kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Sisi husema "nipe chai". Wao husema "naomba chai". Mama wa mkahawa aliniangalia siku ya kwanza, akacheka, "Wewe Mkenya eh? Unatoa amri." Nilidhani ni adabu tu. Baada ya siku mbili niliona ni namna mbili za kufikiria pesa. Anayesema nipe anaamini kwamba kwa kulipa amekwisha kuwa mwenyewe. Anayesema naomba anajua kwamba hata akilipa, yule mwingine bado anampa kitu ambacho angeweza kukinyima. Kwa kikombe cha chai pengine tofauti ni ndogo. Kwa kiumbe anayeweza kuzama mita mia chini wakati wowote akitaka, naomba ndilo neno lililo karibu zaidi na ukweli.

Tulitoka asubuhi mbili. Asubuhi ya kwanza hatukuona kitu. Bahari ilikuwa shwari, nahodha akazunguka akitazama ndege na mashua za wavuvi, maana palipo na vibua na jodari wakirukaruka huenda naye yupo. Hakuwepo. Tukiwa njiani kurudi, abiria wawili wakaanza kudai pesa zao, angalau nusu. Nahodha, mzee wa makamo, hakupandisha sauti. Aliwaambia mafuta yamechomeka, saa zimekwenda, na macho yake yametazama maji muda wote huo. "Mlilipia kutafuta," akasema. "Kupata sikuuza."

Nimeirudia kauli hiyo mara nyingi tangu wakati ule, kwa sababu ni kinyume cha biashara nyingi tunazozijua. Sisi tumezoea kurudishiwa pesa kitu kisipofika. Lakini fikiria nahodha akikubali sharti hilo, kwamba potwe asipoonekana yeye halipwi. Kesho yake ataingia baharini akiwa na kila sababu ya kumkimbiza samaki wa kwanza atakayemwona, kumzunguka, kumfungia njia, kumpigia simu mwenzake wamzingire. Sharti la kurudishiwa pesa, linaloonekana kuwa haki ya mteja, kumbe ndilo linalomgeuza mwongozaji kuwa mwindaji.

Asubuhi ya pili alionekana. Kwanza kivuli, kama vile mtu amemwaga wino chini ya maji, kisha yale madoa. Tuliingia wanne wanne. Alikuwa mdogo kwa kabila lake, mita tano au sita, kama ilivyo kwa wengi wa Mafia, ambao zaidi ni madume machanga. Alipita mdomo wazi akichuja maji, jicho lake dogo likinitazama, au halikunitazama, sina njia ya kujua. Ilichukua kama dakika mbili. Kisha boti nyingine tatu zikafika mbio, watu wakaanza kurukia majini upande wa kichwa, na nahodha wetu akapiga mluzi. Tutoke. Wenzetu wanne wa zamu ya pili walikuwa wamepata sekunde chache tu.

Kelele ziliibuka tena botini, na safari hii zilikuwa na uzito. Mmoja wao alikuwa mwalimu kutoka bara ambaye alikuwa ameweka akiba mwaka mzima. Alisema kwa sauti ya chini, "Wale wengine wanaendelea kuogelea. Sisi tumepewa adhabu kwa kuwa na nahodha mwema." Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Uadilifu wa mtu mmoja kati ya boti nne haukumwondolea potwe usumbufu. Ulitupunguzia sisi tu. Mwaka 1968 Garrett Hardin aliandika kuhusu mkasa wa aina hii, kwamba kilicho cha wote huharibiwa na kila mmoja kwa zamu yake, maana anayejizuia anapoteza na asiyejizuia anafaidi. Mfano mmoja alioutoa ulikuwa wa mbuga za taifa. Akaorodhesha njia za kugawa nafasi: kuuza, kutoa kwa wenye pesa, kwa mnada, kwa sifa, kwa bahati nasibu, au kwa foleni ya anayewahi. Hakuna hata moja iliyompendeza, ila alisema lazima tuchague.

Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alitumia maisha yake kuonyesha kwamba Hardin aliusahau uwezo wa watu kukaa chini na kukubaliana. Alichunguza wavuvi, wakulima wa maji ya mfereji, wachungaji wa milimani. Palipo na mipaka inayojulikana, sheria zilizotungwa na wanaozitumia, na adhabu ndogo kwa anayezivunja, mali ya pamoja ilidumu vizazi. Kwa hiyo jibu la yule mwalimu si nahodha wetu awe mbaya kama wengine. Ni boti nne zikubaliane: moja kwa samaki mmoja, kwa zamu, dakika kadhaa, basi. Na makubaliano kama hayo yanawezekana tu ikiwa mteja hamlipi zaidi anayeyavunja. Hapo mimi na wewe tumo ndani ya kikao, tupende tusipende. Pesa yetu kidogo ni kura.

Nikilazimishwa kuchagua kwenye orodha ya Hardin, nachagua idadi na zamu, si bei. Watu wachache kwa siku, bei inayomlipa nahodha na mwongozaji sawasawa, na asiye na pesa nyingi alipe kwa subira. Najua udhaifu wa jibu langu. Muda nao si wa bure. Mama mboga wa mtaani kwetu hana wiki ya kusubiri zamu. Akifunga kibanda siku tatu, wateja wamehama. Anayeweza kusubiri ni mwanafunzi, mwandishi, mtu asiye na mtoto wa kupeleka shule Jumatatu. Foleni nayo ina tabaka lake. Ila foleni ina jambo moja ambalo bei haina: anayesubiri hujifunza mahali alipo. Siku zangu za kungoja boti ijae ndizo nilizojifunza kwamba mnazi wa Mafia hulipa karo, kwamba kusi ikivuma wavuvi hupumzika, kwamba mgeni anaweza kusaidia kupaa samaki. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wahenga walikuwa wameshalipanga suala la utalii wa bei nafuu.

Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ambao napenda kuwakumbusha wanaolalamika kwamba msimu umeisha. Kwa muda mrefu ilidhaniwa potwe wa Mafia huhama miezi fulani, kwa sababu hawaonekani. Watafiti waliwawekea vifaa vya kutoa mlio na vipokezi chini ya maji, wakagundua kwamba wengi wao hawaondoki. Wapo mwaka mzima. Wanasogea tu mbali kidogo na ufuo na kuacha kuja juu, huko macho yetu hayafiki. Ile miezi tunayoita "hakuna kitu" ni miezi ambayo wao wako nyumbani na mlango umefungwa. Mtu akifunga mlango wake hatusemi hayupo duniani.

Na yale madoa je? Hayafanani kwa potwe wawili. Mwaka 2005 wanasayansi walichukua mbinu ya wanaastronomia ya kulinganisha ramani za nyota, wakaitumia kutambua kila samaki kwa madoa yake kutoka pichani. Kwa hiyo picha ya mtalii wa kawaida, iliyopigwa kwa umbali unaotakiwa na bila taa, inaweza kusaidia kujua kwamba huyu ni yule yule wa miaka mitatu iliyopita, amekua, ana kovu jipya. Sarafu za hadithi zimekuwa kitambulisho.

Jioni kabla ya kuvuka kurudi, nilikaa gatini Kilindoni na mtoto wa darasa la sita hivi aliyekuwa akisubiri mashua ya baba yake. Akaniuliza nimewaona? Nikamwambia mmoja, dakika mbili. Akanihurumia kweli. Yeye huwaona wakipita kando ya mashua wakati baba anavuta wavu, na wakiingia ndani baba hushusha kamba watoke, ingawa hulalamika. Hajawahi kulipa chochote.

"Na kwenu Kenya hawapo?"

Wapo, nilimwambia. Diani, Watamu, Kilifi, hupita kila mwaka.

"Sasa mbona umekuja mbali hivyo?"

Nilimweleza kwamba huku ni rahisi zaidi kuwaona. Akafikiria kidogo, akauliza rahisi kwa nani. Sikujua kama ananitania au anataka kujua nauli. Nikamtajia nauli.